UGONJWA WA BATOBATO NA SHAMBA LA SHULE YETU

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, mtafiti mstaafu wa mazao ya mizizi, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa hapa kwa ombi la wajumbe.)



Katibu aliponiandikia alinipa dakika arobaini na kuniomba nizungumze juu ya kazi niliyoifanya maishani. Nimeona nisiwachoshe kwa habari za maisha yangu, ambazo nyingi ni za kuandika taarifa na kungoja gari la ofisi. Nitazungumza juu ya jambo moja dogo, dogo kiasi kwamba halionekani hata kwa darubini ile ya shaba iliyokuwa ikifungiwa kabatini katika maabara yetu, tusiishike. Nina sababu ya kulichagua leo. Katika ajenda ya mchana huu liko pendekezo la Kamati, namba 7, kwamba kila mwanachama alete mzigo mmoja wa mbegu za mihogo kutoka kwao, ili ekari sita za shamba la shule zipandwe upya na wanafunzi wapate chakula cha mchana. Pendekezo limeandikwa kwa maneno mazuri. Linasema kwamba shamba hilo litakuwa picha ya Tanzania, muhogo wa Tanga ukisimama bega kwa bega na muhogo wa Ukerewe.

Chakula cha mchana naunga mkono kwa mikono miwili. Mizigo siiungi mkono, na naomba mnisikilize kabla hamjapiga kura.

Ugonjwa wenyewe mnaujua, hata kama jina mmelisahau. Jani la muhogo linalotakiwa kuwa kijani kitupu linatoka na mabaka ya njano, linajikunja, linapinda upande mmoja, na hali ikizidi linakuwa dogo na kukonda kana kwamba limepunguzwa kwa mkasi. Huo ndio ugonjwa wa batobato. Tulipokuwa tukipalilia shamba hili siku za Elimu ya Kujitegemea tuliyaona majani hayo kila siku, na wengi wetu tulidhani ndivyo muhogo ulivyoumbwa. Mwenzetu mmoja, sasa ni hakimu mstaafu na yupo hapa, alikuwa akishikilia kwamba ni jua. Si jua. Mmea ulioshikwa vibaya huzaa mizizi myembamba kama vidole, na mara nyingine hauzai kitu cha kupika.

Aliyeuandika ugonjwa huu kwa mara ya kwanza ni Mjerumani aitwaye Warburg, mwaka 1894, naye aliuandika kutokana na mihogo ya nchi yetu hii hii, ambayo wakati ule ilikuwa koloni la Wajerumani. Hapo pana jambo la kushangaza. Muhogo si mmea wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini kuanzia karne ya 16. Lakini huko ulikotoka, batobato hii haipo. Maana yake ni kwamba muhogo ulitua katika pwani zetu ukiwa mzima, na ugonjwa ukaukuta hapa hapa, ukitokea katika mimea yetu ya porini. Mgeni alipata homa ya wenyeji.

Ugonjwa huenda kwa njia mbili. Ya kwanza ni inzi weupe, wale wadudu wadogo kama vumbi wanaoruka ukitikisa majani machanga. Wanafyonza utomvu wa mmea mgonjwa, kisha wanaufyonza mmea mzima na kuuachia virusi. Njia ya pili ni mikono yetu. Muhogo hatuupandi kwa punje kama mahindi, tunakata shina vipande vipande na kuvichomeka ardhini, na kipande cha mmea mgonjwa ni mmea mgonjwa tangu siku ya kwanza. Inzi mweupe akijitahidi atavuka mashamba machache. Mtu mwenye tiketi ya basi anavuka mikoa mitano kwa siku moja.

Sasa kirusi chenyewe. Kwa miaka mingi watu walijua kwamba kipo bila kukiona. Katika miaka ya 1970 darubini za elektroni zilionyesha chembe zilizoshikana mbili mbili kama mapacha, na kwa sababu hiyo jamii nzima ya virusi hivi ikapewa jina la jeminivirusi, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mapacha. Mwaka 1983 Bock, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi Kenya, pamoja na mwenzake Woods, walithibitisha kwamba kirusi cha namna hiyo ndicho kinacholeta batobato. Mwaka huo huo Stanley na Gay, huko Uingereza, wakasoma maandishi yake yote ya urithi, herufi kwa herufi.

Nasema herufi kwa makusudi. Urithi wa kila kiumbe umeandikwa kwa herufi nne tu, zilizopangwa katika uzi uitwao DNA. Uzi wa kirusi hiki umefungwa mviringo kama bangili, na ziko bangili mbili, A na B, kila moja ikiwa na herufi 2,800 hivi au pungufu kidogo. Jumla yake haifiki 6,000. Hotuba hii ninayowasomea ina herufi zaidi ya mara mbili ya hizo. Kwa maandishi ya karatasi mbili tatu za taipu, kirusi kinajua kuingia katika mmea, kujizidisha, kusambaa toka jani hata jani, na kujivika koti la protini ili kisafiri ndani ya inzi bila kuharibika. Mimi nilisoma miaka mingi na sijaweza kuandika taarifa fupi namna hiyo.

Hadi miaka ya 1990 ilijulikana kwamba katika Afrika viko virusi viwili vikubwa vya batobato. Kimoja kilikuwa kimeenea Afrika ya Magharibi na ya Kati hadi Uganda, Kenya ya magharibi na upande wa magharibi wa nchi yetu. Cha pili kilikuwa cha huku mashariki: pwani ya Kenya na Tanzania, Malawi, hadi Bukini. Majina yao rasmi ni marefu, kwa hiyo leo nitaviita Kirusi cha Bara na Kirusi cha Pwani. Ni ndugu, lakini si ndugu wa karibu. Kuna sehemu za maandishi yao ambapo katika kila herufi mia moja, 25 hazilingani.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana ndiyo kiini cha maneno yangu.

Wale wa rika langu mnaikumbuka mashine ya kurudufu iliyokuwa ofisini kwa karani, ile iliyochapa mitihani na gazeti la shule. Chukueni kwamba karani amewekewa mezani habari mbili za mchezo ule ule wa mpira, moja imeandikwa na mwandishi wa bweni letu, nyingine na mwandishi wa bweni la jirani. Habari ni moja, mpangilio ni mmoja, maneno yanatofautiana hapa na pale. Karani anachapa stensili kutoka katika karatasi ya kwanza. Katikati anaitwa mlangoni. Anaporudi jicho lake linaangukia karatasi ya pili, mahali penye maneno yale yale aliyokuwa amefikia, anaendelea bila kujua. Baadaye anarudia ya kwanza. Inayotoka mashinini ni habari ya tatu ambayo hakuna aliyeiandika, na inasomeka vizuri kabisa.

Virusi hufanya hivyo. Kirusi cha batobato hakina mtambo wake wa kunakili. Kinaingia katika kiini cha seli ya muhogo na kuutumikisha mtambo wa muhogo wenyewe, kikichangia protini moja inayoikata bangili mahali maalumu ili kazi ianze, na nakala inatoka kama kamba inayofunguliwa kutoka katika gurudumu linalozunguka. Ikiwa katika seli hiyo hiyo kimo kirusi cha aina ya pili, nakala inaweza kukiachia kielelezo cha kwanza na kushika cha pili pale ambapo herufi zinafanana. Kilichozaliwa kina kichwa cha huyu na kiwiliwili cha yule. Wataalamu wanaita jambo hili kuungana upya kwa urithi, na wanalitofautisha na kosa la kawaida la kunakili. Kosa la kawaida hubadili herufi moja. Kuungana upya huhamisha ibara nzima iliyokwisha kufanya kazi mahali pengine.

Mazao mengi ya namna hiyo hayafai kitu na hupotea. Lakini seli ni nyingi, majani ni mengi, mashamba ni mengi, na bahati nasibu inachezwa kila siku. Sharti lake ni moja tu: virusi vyote viwili viwe ndani ya mmea mmoja, ndani ya seli moja. Visipokutana, hakuna kuungana.

Vilikutana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Luwero, kaskazini ya Kampala, wakulima waliona batobato ya namna ambayo hawakuizoea. Ikaanza kusogea kusini kama moto wa nyika, kilomita ishirini hadi thelathini kwa mwaka. Huko Teso watu walikuwa wakitegemea sana aina moja ya muhogo iitwayo Ebwanateraka, tamu na yenye kuzaa, lakini isiyokuwa na kinga. Mashamba ya aina hiyo yaliteketea, na katikati ya miaka ya 1990 sehemu za Uganda zilipata njaa kwa sababu ya muhogo kukosekana. Dk. Otim-Nape na wenzake wa kituo cha Namulonge walikadiria hasara ya nchi kuwa dola milioni 60 hivi kwa mwaka. Wakulima wengi waliacha kupanda muhogo kabisa.

Mwaka 1997 wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao karibu na Dundee, huko Scotland, chini ya Profesa Bryan Harrison, wakishirikiana na Otim-Nape, walitangaza walichokiona katika majani ya Uganda. Mtafiti aliyetangulia jina katika taarifa hiyo ni Xueping Zhou, Mchina. Walisoma bangili A ya kirusi hicho kikali. Karibu yote ilikuwa ya Kirusi cha Pwani. Lakini walipofika katika jeni la koti la protini walikuta hivi: herufi 219 za mwanzo ni za Kirusi cha Pwani, herufi 459 zinazofuata zinalingana na Kirusi cha Bara kwa 99 katika mia, kisha herufi 93 za mwisho zinarudi kuwa za Pwani. Kipande kimekatwa, kimeshonewa katikati, na mshono hauonekani. Kundi jingine la watafiti, ambamo Otim-Nape alikuwamo pia, lilitoa taarifa ya namna hiyo hiyo mwaka ule ule. Wakaelewa kwamba kile kilichokuwa kinatembea Uganda hakikuwa kimoja wala kingine kati ya vile viwili vya zamani.

Mimi ugonjwa huo nilikutana nao mwaka 1999, katika kijiji kimoja cha Kagera kisicho mbali na mpaka. Tulikuwa watatu, na kazi yetu ilikuwa kuhesabu mimea yenye ugonjwa na kukusanya majani. Mama mmoja mwenye shamba alitufuata mstari kwa mstari bila kusema neno, mtoto mgongoni. Tulipomaliza aliniambia, "Bwana shamba, huu si ule wa zamani. Ule tulikuwa tunakula nao." Sijasikia mtaalamu aliyeeleza tofauti hiyo kwa maneno machache zaidi. Batobato ya zamani ilipunguza mavuno, lakini mavuno yalikuwapo. Katika shamba lake siku ile aling'oa mashina manne mbele yetu, na mizizi yote minne kwa pamoja haikutosha sufuria. Nilimwuliza mbegu alizipata wapi. Akasema shemeji yake alimletea kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya mpaka, msimu uliotangulia, alipopata habari kwamba wana upungufu.

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kipande kile cha herufi 459 peke yake ndicho kilichoiangusha Uganda. Wapo waandishi wanaopenda kisa chenye mkosaji mmoja, lakini mambo yalikuwa zaidi ya hapo. Kwanza, mimea iliyokuwa taabani kuliko yote mara nyingi ilikuwa na virusi viwili pamoja, kile kipya na Kirusi cha Bara, na vikiwa pamoja hufanya madhara makubwa kuliko kila kimoja peke yake. Havipunguzani nguvu, vinasaidiana. Pili, virusi hivi vinaweza hata kubadilishana bangili nzima, A ya huyu ikafanya kazi na B ya yule. Taarifa ya mwaka 2001 ya Justin Pita na wenzake iliyaweka mambo haya matatu pamoja, kuungana, kubadilishana na kusaidiana, kuwa ndiyo ufunguo wa balaa lile. Tatu, na hili watu wa maabara wakati mwingine hulisahau, inzi weupe walikuwa wengi kupita kiasi. Ukipiga jani unaona wingu.

Lakini tazameni: yote hayo, isipokuwa wingi wa inzi, yanataka mkutano wa virusi viwili katika mmea mmoja. Ndiyo maana nimesimama hapa.

Wala batobato ya Uganda si kisa cha peke yake. Huko Hispania virusi viwili vya nyanya viliungana, na mtoto wao aliyepewa jina la mji wa Málaga akaweza kushambulia mimea mingi kuliko wazazi wake. Mahindi yetu pia: kile kirusi cha milia ya mahindi kinachosumbua Afrika nzima, wasomaji wa maandishi ya urithi wanasema chimbuko lake ni virusi vya majani ya porini vilivyoungana katika karne ya 19. Na turudi nyumbani. Mwaka 2005 mwenzetu Dk. Joseph Ndunguru na washirika wake walichapisha uchunguzi wao wa virusi vya mihogo ya Tanzania, wakaonyesha kwamba Afrika Mashariki ni mojawapo ya vitovu vya virusi hivi, mahali vilipo vya namna nyingi zaidi. Kipo hata kimoja kilichopewa jina la Zanzibar, nacho pia ni cha kuungana. Tunajivunia karafuu na Mlima Kilimanjaro, na hili nalo ni letu.

Kuna upande mwingine wa kisa ambao nausimulia kwa furaha. Mnakijua kisamvu cha mpira, hasa ninyi wa Tanga na Morogoro. Mti ule unaoitwa mpira, ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu wake, ni ndugu wa muhogo. Katika miaka ya 1930, kituo cha utafiti cha Amani, kule juu katika milima ya Usambara, kilianza kazi ya kutafuta muhogo wenye kinga, na Storey na Nichols waliandika juu ya batobato kutoka huko mwaka 1938. Mihogo ya kawaida ilipozalishwa na mti wa mpira, watoto walipata kinga ya batobato lakini mizizi yao ilikuwa mibaya, kwa hiyo ilibidi warudishwe tena na tena kwa muhogo hadi mizizi ilipofaa kuliwa. Kazi hiyo ilichukua miaka kama ishirini. Mbegu zake zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na kutoka katika uzao huo kituo cha kimataifa cha Ibadan kilizalisha mihogo yake mashuhuri yenye kinga. Baadhi ya mihogo hiyo ndiyo iliyopelekwa Uganda balaa lilipokuja. Muhogo ulioitwa NASE 3 ulipoanza kurudisha chakula katika mashamba ya Waganda, ulikuwa na damu ya kisamvu cha mpira cha Amani. Waliofanya kazi pale milimani hawakuwa na habari ya herufi wala bangili.

Hata hivyo kinga hiyo si hirizi. Mihogo mingi iliyoshinda batobato ilikuja kuangushwa na ugonjwa wa pili, michirizi kahawia, ambao Storey aliueleza kutoka vilima vya Amani mwaka 1936. Huo husababishwa na virusi vya jamii nyingine kabisa. Kwa muda mrefu ulikuwa ugonjwa wa pwani na kando ya Ziwa Nyasa, lakini tangu mwaka 2004 umeonekana Uganda, na nchi za Maziwa zimeujua kwa uchungu. Ubaya wake ni kwamba shina laweza kupendeza na majani yakaonekana mazima machoni pa asiyeuzoea, kumbe ndani ya mizizi mna uozo mkavu wa rangi ya kahawia. Unagundua siku ya kuchimba.

Basi turudi kwenye pendekezo namba 7. Katibu ameniambia wanachama waliojiandikisha ni 80. Nimeipitia orodha. Wako wa Tanga, Lindi, Mtwara na Pwani, wako wa Mwanza, Mara, Kagera na Kigoma. Mizigo ya pwani ina nafasi ya kuleta Kirusi cha Pwani na michirizi kahawia. Mizigo ya Ziwa ina nafasi ya kuleta Kirusi cha Bara na kile kilichounganika, ambacho kimekwisha kuzoea huko. Tutaipanda yote katika ekari sita, mita moja kati ya shina na shina, inzi weupe watazamie karamu. Shamba la namna hiyo sijui tuliite picha ya nini, lakini mtu akiniajiri kuvikutanisha virusi kwa makusudi, ndivyo ningelipanga.

Wajumbe wa Kamati waliniambia jana usiku, kwa upole, kwamba kila mtu atachagua mashina mazuri. Nawaheshimu, lakini jicho haliwezi kuchagua peke yake. Mmea ulioambukizwa na inzi mwezi uliopita unaweza kuwa na majani mazuri yote ya chini, dalili zikaanza kuonekana kileleni tu, na mkataji hutazama shina. Michirizi kahawia nimekwisha kuisema.

Liko jambo jingine ambalo halimo katika karatasi ya Kamati. Muhogo wa shule haukai shuleni. Nyote mnajua. Wakati wa kufunga shule kila kijana wa jirani aliondoka na mashina begani, na wanakijiji wa hapa wamekuwa wakija kuomba mbegu tangu enzi za Mwalimu Mkuu wa kwanza, nao hawajanyimwa hata mara moja, jambo ambalo ni zuri. Ekari sita zetu ni bohari ya mbegu ya tarafa nzima, ingawa hazina ubao unaosema hivyo. Tukizijaza mchanganyiko, tutakuwa tunawapa jirani zetu mchanganyiko huo kwa mkono wa ukarimu, kama yule shemeji na baiskeli yake.

Isitoshe, mizigo haitoshi. Ekari moja kwa mita moja kila upande inachukua vipande 4,000 hivi, ekari sita vipande 24,000. Mzigo wa mtu wa makamo yetu utakuwa na mashina thelathini, na shina likitoa vipande vitano ni 150. Wanachama 80 wataleta 12,000, na hapo nimekubali kwamba kila mtu atatimiza ahadi, jambo ambalo Mhazini ataniambia halijawahi kutokea.

Ninachopendekeza ni hiki. Nauli ya mzigo igeuzwe kuwa mchango wa fedha. Mwalimu Mkuu aandike barua kwa kituo cha utafiti cha Kibaha kuomba ushauri wa aina mbili tatu zinazofaa ukanda huu, zenye kuvumilia batobato na michirizi kahawia, na mbegu zinunuliwe kwa mzalishaji mwenye cheti cha ukaguzi wa mbegu. Mihogo ya zamani iliyobaki shambani, ile iliyo nyuma ya choo cha bweni la pili na ile ya mpakani, ing'olewe yote kabla ya kupanda, mizizi iliwe, mashina yachomwe. Kisha katika miezi mitatu ya kwanza wanafunzi wa kidato cha pili wapite shambani kila wiki na kung'oa kila mche wenye mabaka, bila huruma, hata kama ni mzuri kwa mengine. Kazi hiyo itawafundisha biolojia kuliko mchoro wa ubaoni. Mimi nitakuja mwenyewe mara mbili kuwaonyesha, kwa nauli yangu.

Na wale wanaosikitikia picha ya Tanzania, waje na vyakula. Wa pwani walete bada, wa Ziwa walete udaga, wa Kusini walete makopa. Hivyo havina kirusi kinachoweza kumdhuru mtu wala shamba, na vimepungua sana katika mikutano yetu tangu tuanze kuagiza biriani.

Mvua zinatarajiwa wiki sita kuanzia sasa, kwa hiyo barua ya Kibaha ikiandikwa wiki hii tutawahi. Fomu za mchango ziko kwa Mhazini, meza ya pili mkono wa kushoto. Ndugu Mwenyekiti, nimebakiwa na dakika chache na kwa ruhusa yako nitajibu maswali, nikianza na kaka yangu wa bweni la kwanza, ambaye mkono wake uko juu tangu nilipotaja Tanga.